Kikorogeo cha tangi kinaposumbua: dalili, vyanzo na namna ya kuvitafuta

Mwongozo huu unahusu vikorogeo vinavyofungwa juu ya tangi: mota juu, giaboksi chini yake, shafti ndefu inayoning'inia ndani ya kimiminika, na impela yenye mapanga mwishoni. Vile vinavyoingilia ubavuni mwa tangi vina mambo yao, hasa upande wa sili (kizuizi cha kuvuja kwenye shafti), lakini sehemu kubwa ya yaliyomo humu inavihusu pia.

Kabla ya kufungua hata bolti moja, shika jambo hili: kwenye mashine hii, kinachoharibika mara nyingi sicho kilicholeta ubovu. Beringi ya giaboksi hufa, lakini kilichoiua ni uchafu ulioganda kwenye panga moja, au mashapo yaliyoifunika impela usiku kucha, au kimiminika kilichoshuka hadi usawa wa mapanga huku mota ikiendelea kuzunguka. Sili huvuja kwa sababu shafti imepinda mita mbili chini yake. Ukibadilisha kipuri bila kukifikia chanzo, utakibadilisha tena hicho hicho. Ndiyo maana kila dalili hapa inafuatwa kuanzia ndani ya tangi, halafu shafti, halafu giaboksi, na mota mwisho kabisa.

Kwanza, usije ukaumia

Zima umeme kwenye swichi kuu, ifunge kwa kufuli lako mwenyewe, weka ufunguo mfukoni, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe hakuna kinachotokea. Kuzima kwenye paneli ya kidhibiti mwendo (kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota) peke yake hakutoshi.

Kuingia ndani ya tangi ni kazi ya kibali. Hewa ipimwe juu, katikati na chini, kwa sababu gesi nzito hukaa sakafuni. Oksijeni iwe kati ya 19.5% na 23.5%, gesi zinazowaka ziwe chini ya 10% ya kiwango cha chini cha kulipuka, na salfidi hidrojeni isifike 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Mtu mmoja abaki nje muda wote, na huyo haingii ndani kumfuata mwenzake aliyeanguka, bali anaita waokoaji wenye vifaa.

Hatari ya tatu ni ya mashine hii hasa. Shafti inaning'inia kwenye kuplingi, yaani kiungo kinachoifunga kwenye giaboksi. Ukifungua bolti za kuplingi kabla ya kuishika shafti kwa winchi au kwa kishikio chake maalumu, itadondoka na kutoboa tangi, au kumpata aliye chini.

Vipimo vinavyokuonyesha pa kuelekea

Kikorogeo kizima kinapofanya kazi yake ya kawaida, andika ampea za kila fezi, kasi ya shafti, kimo cha kimiminika, joto la mwili wa giaboksi na mtetemo kwenye beringi ya chini ya giaboksi. Bila namba hizo za siku nzuri, namba za siku mbaya hazikuambii kitu. Ampea 9 ni nyingi au chache? Kama jana zilikuwa 6, ni nyingi. Kama zilikuwa 12, basi huenda impela imeanguka chini ya tangi na mota inazungusha shafti tupu.

Hii ya pili hutokea kuliko watu wanavyodhani. Ampea zinaposhuka ghafla wala hakuna aliyebadilisha kasi wala kimiminika, usifurahie umeme uliopungua. Zima, uangalie kama impela bado ipo.

Mota inavuma lakini haizunguki, au inakata mara tu inapowashwa

Swali la kwanza si la umeme: tangi lilikaa muda gani bila kukorogwa? Mashapo yakishajikusanya hadi kuzifunika mapanga, impela inakuwa imezikwa. Mota ikilazimishwa, kitakachotii kwanza ni kile dhaifu, ama shafti ipinde, ama kii (kipande cha chuma kinachozuia shafti isiteleze kwenye kiungo chake) ikatike, ama jino la giaboksi livunjike. Usirudie kubonyeza kitufe ukitumaini itaachia. Geuza feni ya mota kwa mkono umeme ukiwa umefungwa. Kama haigeuki kabisa, au inageuka kidogo na kurudi kama springi, yalegeze mashapo kwa maji ya presha au hewa iliyobanwa kupitia bomba refu mpaka shafti izunguke mzunguko mzima kwa mkono. Baada ya hapo ndipo uwashe.

Mota zinazowashwa kwa nyota-delta (huanza kwa volti ndogo, kisha hupewa kamili) huathirika zaidi. Kwenye hatua ya nyota, nguvu ya kuzungushia ni theluthi moja tu ya ile ya delta, na kwa tangi lenye mashapo theluthi hiyo haitoshi. Kidhibiti mwendo kinachopandisha kasi polepole kinafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Feni ikizunguka kwa urahisi, ndipo uende kwenye umeme. Pima volti kati ya fezi zote, jozi tatu. Chukua wastani, uone iliyo mbali zaidi na wastani huo: 400, 408 na 392 zina wastani wa 400, na tofauti kubwa ni 8, yaani 2%. Ikizidi hapo, tafuta chanzo kabla ya kuendelea, kwa sababu tofauti ndogo ya volti huzaa tofauti ya ampea iliyo kubwa mara kadhaa, na mota inapata joto bila kubeba mzigo zaidi. Fezi moja ikikosekana kabisa, mota huvuma bila kuanza. Angalia fyuzi na ncha za kontakta zilizoungua.

Mwisho, pima insulesheni ya mota kwa kipimo cha volti 500. Mota ya volti 400 yenye chini ya megaohmu 5 haifai kuwashwa kabla haijakaushwa au kusukwa upya. Itenganishe na kidhibiti mwendo kwanza, la sivyo kipimo hicho kitakiua kidhibiti.

Inazunguka vizuri, halafu rilei ya ulinzi inakata

Kosa la kwanza la mafundi wengi hapa ni kupandisha rilei. Rilei imewekwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na inapokata, inasema kweli: mota inabeba zaidi ya uwezo wake. Kazi yako ni kujua mzigo umetoka wapi.

Nguvu ambayo impela inakula hutegemea mambo manne: umbo la impela, uzito wa kimiminika kwa ujazo, kasi, na kipenyo cha impela. Kasi inaingia kwa kipeo cha tatu na kipenyo kwa kipeo cha tano. Maana yake, ukiongeza kasi kwa 10%, nguvu inapanda kwa 33%; kwa 20%, inapanda kwa takriban 73%. Impela mpya iliyo pana kuliko ya zamani kwa 5% tu itakula takriban 28% zaidi.

Mfano wa kupima nao: impela ya mapanga manne yaliyolala kwa nyuzi 45, kipenyo 0.8 m, mizunguko 84 kwa dakika, ndani ya maji, tangi likiwa na mabamba ya ukutani (vibao vya wima vinavyozuia kimiminika kisizunguke chote pamoja). Namba ya nguvu (inayowakilisha umbo la impela kwenye hesabu hii) kwa impela ya aina hiyo ni takriban 1.3, kwa hiyo inakula karibu 1.2 kW. Mota ya 2.2 kW inatosha kwa raha. Sasa mtu akipandisha kidhibiti mwendo hadi mizunguko 100 ili kazi iishe mapema, nguvu inafika karibu 2 kW, na ukijumlisha upotevu wa giaboksi, nafasi imeisha. Siku hiyo hiyo wakimwaga mchanganyiko mzito zaidi ya maji kwa 30%, impela inataka 2.6 kW. Mota inakata, na aliyebadilisha kasi ameshaenda nyumbani.

Kwa hiyo uliza kwanza: kasi imeguswa? Kimiminika kimebadilika, kimekuwa kizito au chenye mnato zaidi? Kimepoa? Mchanganyiko mnato ulioachwa upoe usiku unaweza kukataa asubuhi kile ulichokubali jana. Unga au chembe zimeingizwa kwa haraka mno zikatengeneza mabonge? Impela imebadilishwa? Haya yote yakiwa sawa ndipo uangalie giaboksi na beringi. Tenganisha kuplingi kati ya mota na giaboksi, uwashe mota peke yake. Ampea zikibaki juu kuliko kawaida ya mota isiyo na mzigo, tatizo ni la mota au umeme. Zikiwa za kawaida, zungusha giaboksi kwa mkono usikilize kama inasaga au inakwama.

Neno moja kuhusu kidhibiti mwendo: kuvuka 50 Hz kwenye kikorogeo kilichobuniwa kwa 50 Hz hakupandishi nguvu tu. Kunaisogeza pia shafti karibu na kasi yake ya hatari, ambayo tunaifikia sasa.

Mtetemo, shafti kuyumba, paa la tangi kutikisika

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu hupoteza vipuri vingi bila faida. Anza kwa kutazama na kusikiliza mwendo wa mtetemo wenyewe. Ukija mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, kwa mpangilio, fikiria shafti iliyopinda au impela isiyo na mizani. Ukija mara nyingi kwa kila mzunguko kulingana na idadi ya mapanga, kuna kitu mapanga yanakipita kwa karibu, au uso wa kimiminika umeshuka. Shafti ikiyumba ovyo bila mpangilio, chanzo ni mkondo wa kimiminika chenyewe. Mngurumo wa juu unaosikika kwenye giaboksi hata tangi likiwa tulivu ni wa beringi au meno.

Kimo cha kimiminika ndicho chanzo rahisi kuliko vyote, nacho husahaulika. Tangi linapojazwa au kumwagwa na uso ukafika usawa wa mapanga, panga moja linakuwa ndani ya kimiminika na jingine liko hewani. Mizigo ya pembeni inakuwa mikubwa kuliko ile ya kazi ya kawaida, na shafti ndefu inapigwa kila upande. Kama mwongozo wa mtengenezaji hauruhusu kuzunguka wakati huo, weka swichi ya kimo inayozima mota kabla kimiminika kilicho juu ya impela hakijapungua chini ya nusu ya kipenyo cha impela. Kuzungusha kikavu, eti kujaribu tu, nako ni hatari, maana hewani shafti haina cha kuituliza.

Uso wa kimiminika ukiwa sawa, kagua impela. Ganda la kilo chache kwenye panga moja linatosha kuharibu mizani. Angalia panga lililopinda, bolti ya panga iliyolegea, panga lililolika upande mmoja. Safisha yote, usisafishe moja ukaacha jingine na ganda.

Kisha pima unyoofu wa shafti. Kipimo hiki kinachukua muda, na mara nyingi ndicho kinachokupa jibu zima:

1. Funga umeme kwa kufuli. Toa beringi ya chini (ile inayoshika ncha ya shafti sakafuni mwa tangi) kama ipo, shafti ining'inie huru.
2. Weka dial geji (saa ya kupimia mikengeuko midogo) kwenye kishikio imara, ncha yake iguse shafti chini kidogo ya kuplingi. Safisha hapo kwanza. Rangi na kutu husomeka kama kupinda.
3. Zungusha feni ya mota kwa mkono mpaka shafti imalize mzunguko mmoja. Giaboksi ya 20 kwa 1 inataka mizunguko 20 ya feni. Andika tofauti kati ya namba ya juu na ya chini, pia upande uliosoma juu, ukiweka alama ya chaki.
4. Rudia kila nusu mita hadi mwisho wa shafti.

Sasa soma namba zako zilivyopangana. Zikikua sawasawa kadiri unavyoshuka, na alama za chaki zikiwa upande mmoja, shafti imenyooka, ila imekaa upande kwenye kuplingi. Fungua kuplingi utafute chembe, kutu, rangi au kinundu cha chuma kati ya nyuso za flenji (bamba la duara la kuungia kwa bolti). Si jambo dogo: uchafu wa 0.1 mm upande mmoja wa flenji ya kipenyo cha 150 mm huipeleka ncha ya shafti ya mita 3 nje ya katikati kwa 2 mm, na dial geji itasoma 4 mm. Namba zikiwa ndogo hadi mahali fulani kisha zikaanza kupanda kwa ghafla, hapo ndipo shafti ilipopinda. Na namba ikiwa kubwa tangu juu kabisa, karibu na giaboksi, tatizo ni beringi ya shafti ya kutokea au shafti hiyo yenyewe. Isukume kwa mkono kushoto na kulia: ikicheza, beringi imekwisha. Kiasi kinachoruhusiwa kiko kwenye mwongozo wa mashine yako, kwa sababu hutofautiana kulingana na urefu wa shafti na aina ya sili.

Shafti, impela na kimo vikiwa sawa na bado inatetemeka, angalia kasi. Kila shafti ina kasi ya hatari, ambapo mtikisiko mdogo hukuzwa na shafti yenyewe. Kwa kawaida kikorogeo hubuniwa kizunguke chini ya takriban 80% ya kasi hiyo. Kurefusha shafti, kufunga impela nzito zaidi, au kuongeza kasi hula nafasi hiyo. Ukiwa na kidhibiti mwendo, pandisha kasi taratibu na uangalie: kama mtetemo unakuwa mkali kwenye kasi moja na kupungua ukiwa chini au juu yake, umeipata. Iruke kasi hiyo kwenye mipangilio ya kidhibiti, kisha urudi kwa aliyebuni shafti.

Halafu kuna paa la tangi. Bamba jembamba lililobeba kikorogeo hupinda na kurudi kila mzunguko, na anayetazama kwa mbali anaona mashine mbovu wakati ubovu ni wa kitako. Simama umbali wa kutosha, mtu aweke kidole kwenye flenji na kwenye paa. Kama vyote vinacheza pamoja, ongeza mihimili ya chuma inayobeba uzito na kuupeleka kwenye kuta za tangi au kwenye fremu ya nje. Kuchomelea vipande vidogo kuzunguka flenji huhamisha tu mahali pa ufa.

Inazunguka bila kelele, lakini mchanganyiko haufai

Mwelekeo wa mzunguko kwanza. Kwa impela ya mapanga ya nyuzi 45 inayopaswa kusukuma chini, ukingo wa juu wa panga ndio unaotangulia. Fezi mbili zikibadilishana baada ya matengenezo ya umeme, inasukuma juu, na vitu vizito vinabaki sakafuni. Badilisha waya mbili kati ya tatu. Lakini usijaribu mwelekeo huku kila kitu kimeunganishwa: shafti au impela zilizokazwa kwa nyuzi za skrubu hujifungua zikizungushwa kinyume, na baadhi ya sili na giaboksi zina upande mmoja tu. Tenganisha kuplingi, washa mota kidogo, tazama feni, zima.

Kuna imani kwamba impela ikifungwa juu chini husukuma kinyume. Kwa mapanga bapa si kweli. Igeuze utakavyo, mlalo unabaki ule ule kwa mzunguko ule ule. Kwa mapanga yaliyokunjwa, msukumo unabaki upande ule ule ila ukingo wa nyuma ndio unaotangulia, na mtiririko unapungua sana. Kwa hizo, fuata mshale au alama ya mtengenezaji.

Kimiminika kikizunguka chote kama kitu kimoja, na shimo likajichimba katikati kuelekea kwenye impela, tangi halina mabamba ya ukutani au yameoza. Kimiminika kinasafiri tu, hakichanganyiki, na shimo likifika kwenye mapanga huvuta hewa na kutoa povu. Mabamba ya kawaida ni manne, kila nyuzi 90, upana wa moja ya kumi na mbili hadi moja ya kumi ya kipenyo cha tangi, yakiachwa mbali kidogo na ukuta ili uchafu usikwame nyuma yake. Kwa tangi la kipenyo cha 2.4 m, hiyo ni upana wa 200 hadi 240 mm, na pengo la karibu 35 mm. Kama haiwezekani kuyafunga, kikorogeo kidogo husogezwa nje ya katikati au kuinamishwa kidogo. Kwa kimiminika chenye mnato mkubwa sana mabamba hayahitajiki, wala impela ndogo ya kasi haifai: hukoroga mfuko mdogo kuizunguka yenyewe huku ukutani kumelala. Hapo panatakiwa impela pana ya mwendo wa polepole, mfano wa nanga.

Vipimo vya kuanzia kwa kimiminika chepesi: kipenyo cha impela theluthi hadi nusu ya kipenyo cha tangi, na umbali kutoka sakafuni robo hadi theluthi ya kipenyo cha tangi. Kimo cha kimiminika kikizidi kipenyo cha tangi kwa zaidi ya 20% hivi, ongeza impela ya pili juu, baada ya kukagua uwezo wa mota na shafti. Mashapo yakibaki katikati tu, chini ya impela, au pembeni tu, jaribu kwanza kubadilisha kimo cha impela kabla ya kuongeza kasi. Ni nafuu mno kuliko mota mpya.

Giaboksi: joto, kelele, oili

Giaboksi mpya iliyochemka siku ya kwanza, mara nyingi ina kizibo cha kusafirishia mahali pa tundu la kupumulia. Presha inapanda ndani na oili inatoka kwenye sili. Toa kizibo hicho, weka kipumulio. Kwa giaboksi ya zamani, angalia kama kipumulio kimepakwa rangi au kimezibwa na vumbi.

Kinachofuata ni kiasi cha oili. Ikipungua, meno hayapati. Ikizidi, inapigwapigwa mpaka inatoa povu na kupata joto. Kiasi hutegemea namna giaboksi ilivyokaa: iliyotengenezwa kulala, ikisimamishwa shafti ikitazama chini, inataka kiasi kingine, na beringi yake ya juu inaweza kukosa oili kabisa. Kibati kinaonyesha mkao uliokusudiwa. Kama haulingani, usikisie kiasi.

Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, ama kwa mvuke wa tangi, ama kwa kusafishwa kwa presha. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imezidiwa na joto. Kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa oili kwa takriban nusu. Kwenye kizibo cha sumaku, ute laini wa kijivu ni wa kawaida, hasa mwanzoni. Vipande unavyovihisi kati ya vidole ni meno au beringi, na giaboksi hiyo isirudishwe kazini kabla ya kufunguliwa.

Giaboksi nyingi za viwandani hutumia oili ya madini ya ISO VG 220 au 320 (kipimo cha mnato wa oili), lakini iliyoandikwa kwenye kibati ndiyo ya kufuata, na ya sinthetiki isichanganywe na ya madini. Kumwaga kwa kwanza huwa karibu na saa 500 za kazi, kwa sababu meno mapya huacha vumbi la chuma. Mwaga oili ikiwa bado ya uvuguvugu.

Kuvuja kwenye shafti

Sili ya mdomo wa mpira ikivuja tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo unapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya haina cha kushika. Isogeze milimita chache ikae kwenye chuma kizima, au funika mfereji kwa mkono wa chuma mwembamba.

Kwa pakingi (pete laini zinazokandamizwa kuizunguka shafti), toa zote za zamani. Kuongeza pete mpya juu ya zilizokufa hakuzibi kitu. Kata pete kwa kuzizungusha kwenye shafti yenyewe au kitu cha kipenyo hicho hicho, ingiza moja moja na kuikandamiza, maungio yakipishana kwa nyuzi 90. Kaza nati kwa vidole, washa, kisha kaza kila nati sehemu ya sita ya mzunguko, subiri dakika 10 hadi 15, angalia joto. Pakingi ya kikorogeo cha juu haipozwi na kimiminika kinachodondoka kama ya pampu, hivyo inategemea grisi. Kama nyumba yake ni moto hata huwezi kuishika, umeikaza kupita kiasi na itakula shafti.

Sili ya kimekanika yenye jozi mbili za nyuso inategemea kimiminika cha kinga chenye presha ya 1 hadi 2 bar juu ya ile ya tangi. Kikipungua, ujue kimeenda wapi: kikitoka nje, ni nyuso za nje, kama nje ni pakavu, kinaingia ndani ya tangi kupitia nyuso za ndani, na kwa kazi ya chakula au dawa hilo ni la kusimamisha uzalishaji. Sili hizi hufa kwa kukaushwa, kwa uchafu na kwa shafti inayoyumba. Pima shafti kabla ya kufunga mpya, na nyuso zisiguswe kwa vidole.

Beringi ya chini

Kama ipo, hufungwa mwisho, ikifuata pale shafti inaponing'inia yenyewe. Ukiivuta shafti ikutane na beringi, umeipinda tangu siku ya kwanza. Bushi yake hulainishwa na kimiminika cha tangi, kwa hiyo ikizungushwa kavu huisha upesi. Mlio wa kugonga kutoka sakafuni mwa tangi ni wa bushi iliyopanuka.

Kukirudisha kazini

Flenji ya kikorogeo ipimwe kwa pima maji pande mbili kabla ya kukaza, na mwinamo usahihishwe kwa shimu (vipande vyembamba) za chuma, si kwa gasketi iliyokunjwa. Kaza bolti kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa msalaba, mara tatu: theluthi, theluthi mbili, kamili. Bolti za mapanga na za kitovu cha impela zifungwe kwa waya au gundi ya nyuzi za bolti. Nati ya kawaida isiyofungwa huachia ndani ya kimiminika bila mtu kuiona.

Jaza tangi hadi kimo cha kazi, anza na maji kama mchakato unaruhusu. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima. Washa, soma ampea za fezi zote tatu na uzilinganishe na za siku nzuri. Kaa nacho saa moja ya kwanza, ukipima joto la giaboksi kila robo saa mpaka liache kupanda. Baada ya siku moja ya kazi, zima, funga kwa kufuli, na ukague tena ukazo wa bolti zote za flenji na kuplingi, kwa kuwa gasketi mpya hulala na bolti zilizokuwa sawa jana huwa zimelegea.